Sauti ya Mtoto Mwenye Usonji na Sikio Linaloipokea

Naomba usikilize sentensi moja, nitaisema mara mbili. "Mama amekuja." Na sasa: "Mama amekuja?" Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Ya kwanza imekupa habari, ya pili inakutaka jibu. Sikuweka "je" mwanzoni, sikuongeza kitu wala kupunguza. Nimepandisha sauti tu pale mwishoni, nawe ukajua kwamba nauliza. Kiswahili kinafanya kazi kubwa kwa kupandisha na kushusha sauti namna hiyo, na kwa kuwa tumekua nayo hatuifikirii kabisa.

Leo ningependa tuwazungumzie watoto ambao kupanda na kushuka huko kwa sauti kunawajia kwa namna yao. Ni watoto wenye usonji.

Mzazi akieleza habari za mtoto wake mwenye usonji, mara nyingi sauti haikosi kutajwa. Anaongea kama anayesoma kitabuni. Anaongea kwa nguvu hata akiwa amekaa ubavuni mwako. Anayavuta maneno kama anaimba. Bibi atasema mjukuu wake ana usemi wa mtu mzima. Watoto wa mtaani watasema anaongea kama katuni za kwenye televisheni. Na wapo ambao hawasemi, au wana maneno machache ya kuhesabika. Watafiti hukadiria kuwa ni kati ya robo na theluthi ya watoto wenye usonji. Hao nao wana sauti. Wanalia, wanacheka, wanaguna, wanaimba bila maneno, na mama zao wanautambua mguno wa njaa na mguno wa kukerwa wakiwa chumba cha pili.

Jambo hili lilionekana tangu mwanzo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika makala kuhusu watoto 11, na makala hiyo ndiyo iliyoupa usonji picha yake ya kwanza iliyojulikana sana katika utabibu. Wanane kati yao walikuwa wanasema, watatu hawakusema. Kanner aliona kwamba waliosema walirudia sentensi za wakubwa nzimanzima, pamoja na kiimbo chake, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na kwamba mtoto alijiita "wewe" kwa sababu ndivyo alivyozoea kusikia akiitwa. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna naye alieleza sauti za watoto aliowatazama: huyu sauti nyembamba inayokwaruza masikio, yule ya chinichini kana kwamba yuko mbali, mwingine ya kuimbaimba. Jina la Asperger siwezi kulitaja nikapita kimya. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi wa nyaraka kwamba daktari huyo alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba alipeleka watoto wenye ulemavu katika kliniki ya Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto mamia waliuawa. Mwenye kusoma maelezo yake juu ya sauti za watoto na akumbuke kwamba kuna watoto ambao sauti zao zilizimwa.

Nirudi kwenye sentensi zinazorudiwa, maana hapo pana mengi. Nilikuwa nyumbani kwa rafiki yangu, ana mvulana wa miaka sita mwenye usonji. Mtoto alisimama kando ya mtungi akamwambia mgeni aliyekuwa karibu: "Unataka maji?" Mgeni akajibu kwa upole, "Hapana mwanangu, ahsante." Mtoto akarudia kwa nguvu zaidi, "Unataka maji?" Mgeni akacheka kidogo, akasema ameshakunywa. Mama akatoka jikoni, akachota kikombe, akampa mwanawe, naye akanywa chote. Mwenye kiu alikuwa yeye. Maneno aliyotumia yalikuwa ya mama yake, yale ambayo kila siku yalitangulia kikombe cha maji, na hata sauti ilikuwa ya mama yake: ilianza chini, ikanyooka, kisha ikapanda kwenye "maji" na kukawia hapo kidogo, kwa ule upole wa mama anayemuuliza mtoto. Tungekuwa na kinasa sauti, tukachora mistari miwili ya kupanda na kushuka, wa mama na wa mwana, nina hakika ingekaribia kulaliana.

Kati ya "unataka" na "nataka" kuna irabu moja tu. Irabu hiyo moja ndiyo iliyomfanya mgeni asielewe. Lakini mama alielewa, kwa sababu yeye hakusikiliza viambishi. Alisikiliza wapi mtoto amesimama, anatazama nini, na sauti ile imetoka kwenye tukio gani la nyumbani. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan, huko Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wanne wenye usonji waliokuwa wakirudia maneno ya wenzao papo hapo. Walitazama mkanda wa video, tukio kwa tukio, wakapata matumizi saba tofauti: mara mtoto alirudia ili ashike zamu yake ya kusema, mara alikuwa anakubali, mara anaomba, mara anajipa muda wa kulielewa neno. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wanajaribu kumkomesha mtoto asirudie. Huku kwetu bado yupo mwalimu anayemwambia mtoto "usiwe kasuku." Ningemwomba mwalimu huyo, kwa heshima yote, aliache neno hilo. Pale mtungini jibu lenye manufaa ni kumpa maji na wakati huohuo kumsemea, kwa sauti ya mwenye kuomba: "Nataka maji." Mtoto anayebeba sentensi pamoja na wimbo wake ataibeba na hiyo.

Sasa, sauti inapimwaje? Tunaposema, hewa kutoka mapafuni hupita kooni na kuzitikisa nyuzi mbili za sauti. Za mwanamume mzima hutikisika takriban mara 120 kwa sekunde, za mwanamke takriban mara 200, na za mtoto mdogo hufika mara 250 hadi 300. Kasi hiyo ya mtikisiko ndiyo inayolifanya sikio lisikie sauti nyembamba au nzito. Wanaisimu huiita kidatu. Mtafiti hupima kidatu cha wastani, hupima umbali kati ya kidatu cha chini na cha juu katika sentensi, hupima silabi imechukua muda gani, sauti ina nguvu kiasi gani, na vituo kati ya maneno vimekaa wapi. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hiyo inaitwa Praat. Iliundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na inatolewa bure. Mwanafunzi wa isimu aliyepo Dodoma au Eldoret mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia leo hii.

Na vipimo hivyo vimeleta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba mwenye usonji ana sauti bapa, isiyopanda wala kushuka. Wapo wenye sauti ya namna hiyo. Lakini mwaka 2011 Yoram Bonneh na wenzake nchini Israeli walichapisha vipimo vya watoto 41 wenye usonji na 42 wasio nao, wa umri wa miaka 4 hadi 6 na nusu, wote wasemaji wa Kiebrania. Mtoto alionyeshwa picha akaitaja kwa neno moja. Kidatu cha watoto wenye usonji kilikuwa kinapanda na kushuka kwa upana mkubwa kuliko cha wenzao. Mwaka 2017 Riccardo Fusaroli wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na wenzake walikusanya makala 34 za utafiti wa aina hii, wakazipima kwa pamoja. Walichokiona ni kwamba kidatu cha wastani cha wenye usonji kinaelekea kuwa juu kidogo, na upana wake unaelekea kuwa mkubwa zaidi.

Mbona basi sikio linasikia bapa pale ambapo mashine inaona milima na mabonde? Mimi naliona hivi. Sikio halipimi ukubwa wa mlima. Linatazamia mlima uwe mahali fulani. Katika "Mama amekuja?" tunautazamia mwishoni. Ukija mwanzoni, au ukija mahali ambapo hakuna swali wala mshangao, msikilizaji hauhesabu, anasema tu kwamba mtoto huyu haongei kama sisi. Sauti imepanda kweli, ila haikupanda pale tulipokuwa tunaisubiri.

Kiswahili kina mahali pengi pa namna hiyo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao unahama: tunasema "nyumba" tukikazia "nyu," lakini "nyumbani" tunakazia "mba." Mtoto wa miaka mitatu anafanya hivyo bila kufundishwa. Na kuna maneno machache ambayo mkazo peke yake ndio unaotenganisha maana. Tukikazia "ba" ya pili, barabara ni njia ya magari. Tukikazia "ra" ya kwanza, ni kusema jambo liko sawasawa kabisa. Ningependa sana kuona vipimo vya watoto wetu wenye usonji kwenye maneno ya aina hii. Je, mkazo wao unahama kama wa wenzao? Je, silabi ile inarefushwa kiasi kilekile? Hayo ni maswali ambayo Kiebrania na Kiingereza haviwezi kutujibia.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa na D. Kimbrough Oller wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani. Watoto 232, wadogo wa hadi miaka minne, walivalishwa nguo zenye mfuko kifuani, na ndani ya mfuko kinasa sauti kidogo. Mtoto alishinda nacho kutwa: akila, akilia, akicheza sakafuni, akibishana na dada yake. Zilipatikana rekodi 1,486 za siku nzima, na ndani yake sauti za watoto zaidi ya milioni 3. Hakuna binadamu angeweza kuzisikiliza zote, kwa hiyo kompyuta ndiyo iliyozichambua kwa vigezo 12, vikiwemo vinavyohusu jinsi mtoto anavyounda silabi. Iliweza kuwatofautisha watoto wenye usonji na wanaokua kwa njia ya kawaida kwa usahihi wa asilimia 86.

Asilimia 86 inavutia, na ninajua kwamba kuna watu wanaoota programu ya simu itakayomsikiliza mtoto dakika tano na kutoa jibu. Naomba tufanye hesabu pamoja kabla ya kuota. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Chukua watoto 1,000 wa kata moja. Kwa kadirio hilo wenye usonji watakuwa 8, na 992 hawana. Tuseme mashine inapatia mara 86 katika kila 100, kwa pande zote mbili. Kati ya wale 8 itawatambua 7. Kati ya wale 992 itawataja kimakosa takriban 139. Utakuwa na wazazi 146 wamekaa kwenye benchi la kliniki na hofu moyoni, na 7 tu ndio walioitiwa jambo lenyewe. Na hapo nimechukua matokeo mazuri. Wale wa Denmark walipokadiria kipimo kimoja cha kidatu peke yake kinaweza kutofautisha kwa kiasi gani, walipata asilimia 61 hadi 64, wakati kurusha sarafu kunakupa 50. Sauti inatoa dokezo. Kumpa mtoto jina la usonji kwa sauti yake tu ni kumdhulumu.

Lugha nayo inaingia. Mwaka 2022 Joseph Lau, Molly Losh na wenzao, kupitia Chuo Kikuu cha Northwestern, walichapisha utafiti uliolinganisha wasemaji wa Kiingereza nchini Marekani na wasemaji wa Kikantoni huko Hong Kong. Kila mmoja alisimulia hadithi kwa kutazama picha za kitabu kisicho na maneno. Kompyuta ilipochambua mdundo wa usemi, yaani mpangilio wa muda na nguvu za silabi, iliweza kuwatambua wenye usonji katika lugha zote mbili. Ilipochambua kiimbo, ilifaulu kwa Kiingereza tu. Kikantoni ni lugha ya toni. Humo kidatu kinabeba maana ya neno lenyewe, na mtoto hukishika kwa sababu bila hicho hana msamiati.

Fikiria maana yake kwetu. Kiswahili hakina toni, lakini majirani zake wengi wa Kibantu wanazo. Mtoto wa Kilifi anasikia Kigiriama kwa bibi na Kiswahili shuleni. Wa Mwanza anasikia Kisukuma, wa Kampala Luganda, wa Murang'a Kikikuyu. Inawezekana kabisa mtoto mmoja mwenye usonji akasikika tofauti na wenzake katika Kiswahili na asisikike tofauti hivyo katika lugha ya nyumbani. Daktari anayemsikiliza kwa Kiswahili peke yake, au kwa Kiingereza, anamsikia nusu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome pale Kilifi kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya ukuaji wa watoto, na kimetafsiri na kujaribu maswali ya tathmini kwa lugha za pwani. Hapo pana msingi. Kinachohitajika ni vinasa sauti, wanaisimu, na wazazi walioridhia, wakae meza moja.

Nimesema sana juu ya mtoto. Tumgeukie anayemsikiliza, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 2014 Daniel Bone, Shrikanth Narayanan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southern California walichukua rekodi za tathmini za usonji, mwanasaikolojia na mtoto wakizungumza, wakapima sauti za wote wawili. Watoto walikuwa 28. Dalili za mtoto zilipokuwa nzito zaidi, sauti ya mwanasaikolojia ilibadilika: kidatu chake na nguvu zake zilianza kuyumba kwa namna nyingine. Na vipimo vya sauti ya mtaalamu vilikisia uzito wa dalili za mtoto vizuri kuliko vipimo vya sauti ya mtoto mwenyewe. Mtu mzima, tena aliyesomea kazi hiyo, anabadilisha sauti yake bila kujua. Sisi wengine je? Dukani, kwenye daladala, msikitini, kanisani, mtoto akisema kwa sauti isiyo ya kawaida, sisi hujibu kwa sauti gani?

Miaka mitatu baadaye Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas na wenzake waliwapa watu vipande vifupi vya mazungumzo ya wenye usonji na wasio nao. Waliotazama video au kusikia sauti waliwashusha hadhi wenye usonji ndani ya sekunde chache, wakaonyesha hamu ndogo zaidi ya kukaa nao au kuzungumza nao. Waliopewa maneno yaleyale yameandikwa kwenye karatasi hawakuona tofauti. Yaliyosemwa hayakuwa na kasoro yoyote. Watu waliikataa sauti na sura kabla ya kuyafikia maneno.

Matokeo hayo yananiuma kuliko takwimu nyingine zote nilizosoma juu ya usonji, kwa kuwa naijua hali hiyo. Nimemsikia mtoto wa darasa la tatu akieleza mbele ya wenzake jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi, kila hatua sahihi, na darasa zima likimcheka kwa jinsi anavyotamka. Mwalimu akamwambia akae. Hakuna aliyebaki na habari za injini.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii, kuna mambo mawili ya kufanya, na la kwanza ni masikio. Mtoto asiyesikia vizuri naye husema kwa nguvu mno au kwa kidatu kisicho cha kawaida, naye huchelewa kusema. Mpeleke apimwe usikivu kabla hujakubali jina lolote, na kabla hujasikiliza wanaokwambia ni mapepo, au wanaokwambia subiri, hata baba yake alichelewa. La pili ni kumtafuta mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache, na wengi wako mijini, lakini wanaongezeka: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na wahitimu wake wanafanya kazi katika ukanda wetu.

Ukienda kwa mtaalamu, nenda na sauti ya mtoto kwenye simu yako. Chumba cha daktari hubadilisha usemi wa mtoto yeyote. Rekodi vipande vifupi vya dakika mbili tatu: akiwa anakula, akicheza peke yake, akimwita ndugu yake aliye chumba kingine, akiomba kitu, akiwa amekasirika. Kama anasema lugha mbili, rekodi zote mbili, na mwambie mtaalamu ni ipi anayotumia na nani. Usimlazimishe kusema, wala usimuulize maswali ya kumwonyesha mgeni. Weka simu kando, mwache aendelee na yake. Rekodi hizo usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kwa kuomba dua. Na mtaalamu akitaka kubaki nazo, muulize zitawekwa wapi, nani atazisikiliza, na zitafutwa lini.